SOMO LA KUMI NA NNE: MPANGO WA TAIFA HUANZIA KIJIJINI



Wazee wetu walijua siku za kupanda. Walitazama mawingu, wakaona miti inachipua, wakashika jembe. Siku hizi mvua huchelewa. Ikija, hunyesha kwa nguvu siku chache, kisha hukatika mahindi yakiwa bado machanga. Mambo haya yakiendelea kwa miaka mingi huitwa mabadiliko ya tabianchi. Chanzo chake kikubwa ni moshi wa mafuta na makaa ya mawe yanayochomwa duniani kote.

Kijiji kimoja hakiwezi kuzuia moshi huo. Lakini kinaweza kujiandaa ili kisiangamie. Kujiandaa huko huitwa kuhimili.

Serikali inafanya nini?

Kwanza, kuna sheria. Mwaka 2004 Bunge la Tanzania lilitunga Sheria ya Usimamizi wa Mazingira. Sheria hiyo inamtaka Waziri wa mazingira ashauriane na wizara nyingine na kuchukua hatua juu ya tabianchi. Kilimo, maji, afya na misitu vyote vinahusika. Wizara moja haitoshi.

Pili, kuna mpango. Mwaka 2007 Serikali ilitoa mpango wa kwanza wa taifa wa kuhimili. Kilimo na chakula viliwekwa mbele, maji yakafuata. Mwaka 2012 ulitolewa mkakati wa taifa. Mwaka 2021 ulitolewa mkakati mwingine, wa kufikia mwaka 2026.

Tatu, kuna fedha. Nyingine hutoka katika bajeti yetu, nyingine katika mifuko ya dunia. Kwa mfano, mwaka 2017 mfuko mmoja wa dunia uliidhinisha fedha za mradi wa Simiyu, mkoa wenye ukame. Mradi huo ni wa kuleta maji ya Ziwa Victoria.

Wewe una kazi gani?

Tuseme lambo la kijiji chenu limejaa tope. Akina mama wanaamka usiku kwenda kutafuta maji, na ng'ombe wanakufa. Aliye Dodoma hawezi kuliona lambo hilo. Ni nyinyi mtakaolisema katika Mkutano Mkuu wa Kijiji. Kila mkazi mwenye miaka 18 au zaidi ana haki ya kusema.

Kutoka hapo hoja huenda Halmashauri ya Kijiji, kisha Kata, kisha Wilaya. Mwaka wa fedha wa Serikali huanza tarehe 1 Julai. Kwa hiyo hoja yenu lazima ifike wilayani miezi mingi kabla. Ikichelewa, itangoja mwaka mwingine. Ng'ombe hawatangoja.

Kumbuka jambo hili: maneno ya mkutano hayasafiri yenyewe. Kinachosafiri ni muhtasari ulioandikwa. Kama mlisema "lambo" na katika muhtasari halimo, basi ni sawa na kwamba hamkusema. Zamani ulipiga dole gumba bila kujua kilichoandikwa. Leo unajua kusoma. Omba muhtasari usomwe mbele ya mkutano. Usome na wewe.

Si kila hoja hupata fedha mara moja. Ikirudi bila jibu, ulizeni sababu, muipeleke tena. Wakati mnangoja, fanyeni yaliyo katika uwezo wenu: chimbeni makinga maji shambani, pandeni mtama katika sehemu kavu, msilime kando ya lambo. Haba na haba hujaza kibaba.

MANENO MAPYA
Kuhimili: kuweza kuishi na jambo gumu bila kushindwa.
Mkakati: njia iliyopangwa ya kufikia lengo.
Muhtasari: maandishi ya yaliyosemwa mkutanoni.

MASWALI YA KUJADILIANA
1. Mvua za kijijini kwenu zimebadilika namna gani? Waulizeni wazee.
2. Kwa nini wizara moja haitoshi?
3. Hoja hupita wapi kabla ya kufika wilayani?
4. Andika sentensi tatu za hoja ambayo ungependa kuipeleka mkutanoni.