Virusi Vimefubaa, Je Maisha?

Tukisoma habari za VVU darasani, karibu kila mara tunaishia kwenye maambukizi: yanapatikanaje, yanazuiliwaje, basi, kipindi kimeisha. Mimi nataka tuanzie pale mwalimu anapofunga daftari. Mtu ameshapima, anameza dawa, virusi vimefubaa. Anaishije?

Shirika la Afya Duniani (WHO) lina dodoso la kupima ubora wa maisha ya watu wanaoishi na VVU. Toleo lake fupi lina maswali 31, na yanagusa mwili, hali ya kisaikolojia, uwezo wa kujitegemea, mahusiano, mazingira na imani. Kipimo cha damu kinasoma wingi wa virusi tu. Hakijui kama mtu anapata usingizi, au kama nyumbani ametengewa sahani yake.

Kitabibu tumefika mbali, tuseme ukweli. Mpango wa taifa wa kutoa dawa bure ulianza 2004, na tangu 2016 anayekutwa na VVU anaanzishiwa dawa bila kusubiri kinga ishuke. Wengi sasa wanameza kidonge kimoja tu kwa siku. Mwaka 2023 WHO ilisema wazi kwamba anayetumia dawa vizuri mpaka virusi havionekani kwenye kipimo hawezi kumwambukiza mwenzi wake kwa ngono. Narudia: hawezi.

Sasa njoo huku kwetu Mara. Mkazi wa Butiama anaweza kuipita kliniki ya jirani, akalipa nauli mpaka Musoma au Bunda, ili tu asionwe na shemeji yake kwenye benchi la CTC. Mvuvi wa dagaa naye anahama kambi, tarehe ya kliniki inamkuta mwalo mwingine. Kupewa dawa za miezi kadhaa kwa mkupuo kunamsaidia sana huyu.

Ila kinachonigusa zaidi, kwa kuwa ni mwalimu mtarajiwa, ni bweni. Chukua mwanafunzi aliyezaliwa na VVU, yuko bweni, kidonge chake ni cha saa tatu usiku. Saa tatu ni prepo. Kopo la vidonge linalia likitikiswa, kwa hiyo anavitoa na kuvifunga kwenye karatasi, vinaingia unyevu. Akiulizwa, anasema ni dawa ya kifua. Halafu matroni anamwita mbele ya wenzake: "We, njoo unywe dawa zako!" Kesho yake bweni zima linanong'ona, na yeye anaanza kuruka dozi. Kliniki wataandika kwamba hafuati dawa vizuri.

Sheria ya UKIMWI ya 2008 inakataza ubaguzi na inalinda siri ya mtu. Lakini usiku ule bwenini yupo matroni, mwalimu wa zamu, na pengine wewe uliyeenda fildi. Kwa hiyo ukipangiwa shule ya bweni, waulize dawa za wanafunzi zinatunzwa wapi na zinatolewa saa ngapi. Usiulize ni za nani.