Dondoo muhimu: Kutoka kisiwa cha Fundo hadi ngome ya mtawala Mkama Ndume, Pemba

Muulize nahodha saa za maji kujaa na kupwa, kisha panda mashua ya asubuhi hadi Wete. Daladala itakufikisha Chake Chake. Toka hapo kodi gari au bodaboda mpaka Pujini, ilipo ngome. Usitarajie minara: ngome hii ya karne ya 15 imebaki masalia ya kuta na handaki, vichaka vikiwa vimetanda. Kitafute kisima, ambacho wazee husimulia kiligawanywa kwa ukuta ili wake wawili wa Mkama Ndume wasionane. Kilicho bora zaidi ni chumba cha chini ya ardhi, chenye siwa (baragumu ya kifalme) iliyofinyangwa kwa lipu ukutani. Tafadhali usiiguse kabisa! Vaa viatu vya kufunika na nguo za kujistiri. Panga pia mashua ya kurudia mapema.