Magogo, Mbao na Takwimu: Uagizaji wa Mbao Laini Nchini Japani na Uchina

Makala haya yananuia kulinganisha uagizaji wa mbao laini nchini Japani na Uchina tangu miaka ya 1960. Mbao laini ni zile zipasuliwazo kutokana na misonobari na miti ya jamii yake, ikiwemo saipresi ipandwayo kwa wingi hapa Kenya. Hoja kuu ni kwamba ulinganishi huu hupotoka iwapo mtafiti atahesabu mbao na kuyasahau magogo.

Japani ndiyo iliyotangulia. Baada ya Vita Vikuu vya Pili vya Dunia, milima yake mingi ilibaki vipara, na miche ya sugi na hinoki iliyopandwa ingechukua miongo kadhaa kukomaa. Kufikia 1964 soko lake lilikuwa wazi kwa magogo na mbao za ng'ambo. Kwa kuwa nyumba nyingi za Wajapani hujengwa kwa mbao, uagizaji ulipanda na kushuka pamoja na ujenzi. Huko British Columbia, Kanada, viwanda vilipasua nguzo za milimita 105 kila upande ili kumridhisha seremala wa Kijapani. Mwaka 1996 ulianza ujenzi wa nyumba zaidi ya milioni 1.6, mwaka 2009 hazikufika laki nane. Isitoshe, ile miche ya zamani ilikuwa sasa miti. Mwaka 2002 Japani ilijitosheleza kwa asilimia 18.8 tu ya mahitaji yake ya miti. Mwaka 2020 kiwango hicho kilifikia asilimia 41.8.

Uchina ilifuata njia nyingine. Mafuriko ya mto Yangtze mwaka 1998 yaliifanya serikali izuie ukataji wa misitu ya asili katika maeneo mengi, na mwaka uliofuata ushuru wa magogo na mbao ukaondolewa. Magogo ya Urusi yakamiminika. Mtu atazamaye safu ya mbao peke yake hatauona mmiminiko huo, na atadhani kwamba Wachina walizinduka ghafla karibu na mwaka 2008. La hasha! Urusi ilipandisha ushuru wa kuuza magogo nje hadi asilimia 20 mwaka 2007, kisha 25 mwaka 2008, hivyo miti ikaanza kupasuliwa kabla ya kuvuka mpaka. Kilichobadilika sana ni jina la bidhaa kwenye daftari la forodha. Hata hivyo, magogo hayajumlishwi na mbao kiholela, kwani mita moja ya ujazo ya gogo hutoa takriban nusu yake tu ya mbao.

Ongezeko la kweli nalo lilikuwepo. Ujenzi ulipodorora Marekani, Wakanada walitafuta wanunuzi Uchina, na kufikia mwaka 2017 nchi hiyo iliagiza mbao laini zaidi ya mita za ujazo milioni 20, ilhali Japani ilipata kama milioni 6 za mbao kwa jumla. Lakini sehemu kubwa ya shehena ya Uchina haikuwa ya nyumba za mbao. Ilitumika kushikilia zege hadi likauke, jinsi mafundi wa Nairobi wafanyavyo, au kutengenezea makasha ya kufungashia bidhaa. Ndiyo maana kampuni za majumba zilipolemewa na madeni mwaka 2021, uagizaji ulishuka. Tangu Januari 2022 Urusi imepiga marufuku uuzaji nje wa magogo ya miti laini ambayo hayajachakatwa, na safu ya magogo katika takwimu za Uchina imepungua tena, kwa sehemu kwa sababu isiyohusiana na mahitaji ya Wachina.