Daktari ambaye mgonjwa wake hasemi

Ukitoka katikati ya jiji kuelekea Westlands, utapita bewa la Chiromo la Chuo Kikuu cha Nairobi. Hapo wanafunzi wa udaktari hukutana na maiti mara ya kwanza, katika somo la anatomia. Wengi hawatamani kurudi. Wachache wanaorudi ndio tunaowazungumzia leo, yaani wanapatholojia wanaochunguza vifo vya ghafla na vya kutatanisha.

Huenda unadhani kazi yao ni kupasua tu. Sivyo. Mtu akiokotwa amekufa kando ya Waiyaki Way, au akifia katika seli ya polisi, ni lazima chanzo kitafutwe. Daktari huyu hutazama nguo kabla ya ngozi, na ngozi kabla ya viungo vya ndani. Hupima majeraha, huchukua damu na vilivyomo tumboni ili Mkemia wa Serikali avipime sumu. Kisha huandika ripoti, na hapo ndipo penye kazi.

Mnamo Septemba 1988 msichana Mwingereza, Julie Ward, alitoweka Maasai Mara. Mabaki yaliyopatikana yalikuwa machache, ukiwemo mguu. Daktari Adel Shaker, aliyeyachunguza Nairobi, aliandika kwamba yalikatwa kwa kitu chenye makali. Ripoti hiyo ikabadilishwa na mkubwa wake, ikasomeka kana kwamba wanyama ndio waliomrarua. Babake msichana hakukubali. Mwaka 1989 hakimu jijini Nairobi aliamua kwamba aliuawa, lakini waliofikishwa kortini baadaye waliachiliwa. Msomaji, ona jinsi maneno machache yanavyoweza kugeuza mauaji kuwa ajali!

Je, mwanao anaitaka kazi hii? Kwanza apate alama za juu katika bayolojia na kemia. Atasomea udaktari miaka sita, afanye kazi hospitalini chini ya uangalizi mwaka mmoja, ndipo arudi chuoni kusomea patholojia kwa miaka kama minne. Hiyo ni miaka kumi na mmoja, na bado hajasomea vifo vya jinai, somo ambalo wengi wamelazimika kulifuata ng'ambo. Si ajabu wataalamu hawa ni haba, na familia husubiri mochari wakati mazishi yamekwisha kupangwa.

Asiyetaka udaktari ana njia nyingine. Aliyesomea kemia au baiolojia ya chembechembe anaweza kupima sumu na DNA. Daktari wa meno hutambua maiti iliyoungua. Polisi nao wana wataalamu wa alama za vidole na risasi. Maabara yao ya Kiambu Road ilifunguliwa mwaka 2022. Na tusiwadharau wahudumu wa mochari: maiti ikiandikwa jina lisilo lake, ujuzi wa daktari utafaa nini?

Kuna jambo moja ambalo wazazi husahau kumwuliza kijana. Je, ataweza kusimama kizimbani? Daktari huyu huitwa kortini, pengine miaka mitatu baada ya kuchunguza maiti, na wakili humhoji neno kwa neno. Kinachomtetea siku hiyo ni picha alizopiga na daftari aliloandika akiwa bado amevaa glavu.