Riziki Wakati wa Dhiki

SWALI: Mikorosho yangu hapa Newala imeshikwa na ubwiriunga, maua yamekauka, na watoto wahitaji sare na madaftari. Nasali kila siku. Je, nikikopa kwa jirani nitakuwa nimepungukiwa na imani? (Mama, Newala)

JIBU: La, mama, hasha. Kumbuka yaliyowapata waliotutangulia. Mwaka 1876 Askofu Edward Steere aliwaongoza watu waliokombolewa utumwani kutoka Unguja, akikusudia kufika Ziwa Nyasa, nao wakapendezwa na ardhi ya Masasi, wakakaa. Na mwaka 1882, baada ya kulima na kujenga kwa taabu, wakashambuliwa na Magwangwara, yaani wapiganaji wa Kingoni, wengine wakauawa, wengine wakachukuliwa mateka, hata misheni yao ikahamia Newala. Hao nao walikuwa wakisali. Sithubutu kusema kwamba msiba ule ulikuwa adhabu, wala kwamba imani yao ilikuwa haba. Nijualo ni kwamba Ukristo haukuzimika, na mwaka 1926 Masasi ikawa dayosisi yenye askofu wake.

Kumtegemea Mola, basi, si kukaa kitako kungoja muujiza. Nabii Eliya alilishwa na mjane fakiri wa Sarepta, wala hakuona haya kumwomba. Jirani yako aweza kuwa ndiye njia ya riziki yako. Kwa hiyo sali, kisha mwendee, mweleze hali yako pasipo kuficha, mwafikiane siku ya kulipa. Nayo mikorosho, msimu ujao, ipulizie salfa mapema, kabla ugonjwa haujaenea mauani.