MGONJWA AKILALAMIKA ASIKIZWE

Mwaka jana nilimpeleka nyanya katika idara ya dharura ya hospitali moja ya huku kwetu Gusii. Tulipimwa mapema, tukaambiwa tungoje kwenye benchi. Baada ya saa nzima, kijana wa bodaboda aliletwa akivuja damu, akaingizwa moja kwa moja. Nyanya akawaka: "Kwani sisi si watu? Kichwa kinanipasuka!" Nami nikapaza sauti. Askari wa mlangoni akatuambia tunyamaze ama twende nyumbani.

Hapo akatokea muuguzi. Hakubishana nasi. Aliinama karibu na nyanya, akamsikiza mpaka mwisho, kisha akasema, "Pole sana, mama. Hapa hatuangalii aliyetangulia kufika, tunaangalia aliyezidiwa." Kumbe hata hilo hatukuwa tumeambiwa! Halafu akampima presha upya. Ilikuwa imepanda kuliko mwanzo, na nyanya akaingizwa papo hapo. Lalamiko lake, ambalo askari aliliona kuwa kelele tu, lilikuwa habari ya ugonjwa.

Kuhusu sheria, Kifungu cha 43 cha Katiba ya 2010 kinasema mtu asinyimwe matibabu ya dharura. Nayo Sheria ya Afya ya 2017 inampa mgonjwa haki ya kulalamika kuhusu alivyohudumiwa, na lalamiko lichunguzwe. Haki hiyo ni moja, uwe Kisii ama Nyamira. Yule askari, nadhani, hakuwa ameisoma. Hata mimi sikuwa nimeisoma siku hiyo.