SOMO: SAUTI YA KIBANGALA

Ndugu wanavikundi, hapa Mokowe na ng'ambo Lamu mafundi wa mbao tunao. Je, wa kuchonga kibangala wamebaki wangapi?

Kibangala ni ndugu ya gambusi la Yemen. Tumbo na shingo huchongwa katika gogo moja, kisha tumbo huwambwa ngozi. Kuna na magita ya kuchongwa uso kwa mkono: fundi hukwangua, hugonga kwa kidole, husikiliza, hukwangua tena. Kwenye gita hilo uso wa mbao ndio hutoa sauti. Kwa kibangala ni ngozi.

Tushike mambo matatu:

1. Mti ukauke kivulini. Mbichi utapasuka baadaye, na pesa za kikundi zimekwenda. Kwa hivyo tusile arbuni ya mteja mapema.

2. Tumbo lisiachwe zito, wala lisikwanguliwe hadi kutoboka.

3. Mwamba ngoma huvutia kwake, lakini hapa tuvute sawa pande zote. Unyevu wa masika hulegeza ngozi.

Jadilini: Ni mzee gani kwetu aijuaye kazi hii? Kijana gani ataketi naye ajifunze, na kikundi kitamsaidia vipi?